Uzi: Tulihamia Ujerumani tukamwacha paka wetu Tanga. Mnaotaka kufuga ugenini, someni kabla hamjachukua mnyama

#1 Mtoa uzi (Tanga, sasa Berlin)

Habari za jioni wanajamvi.

Kila baada ya muda humu anaibuka mtu anauliza: nimehamia nje, naweza kufuga paka au mbwa? Majibu huwa mafupi. "Fuga tu, wenzetu wanapenda wanyama." Sisi tulilifuata jibu kama hilo, kiumbe mdogo akatufia mikononi, kwa hiyo leo nimejipa kazi ya kuandika kirefu. Niko Berlin, ni muuguzi, nina mume na binti mmoja. Nitakayoeleza ni ya Ujerumani. Wa nchi nyingine mtajazia.

Nianzie nyumbani. Tanga tulikuwa na paka mweusi, Chausiku, aliyezaliwa chini ya kabati la vyombo la bibi yake binti yangu, usiku wa mvua. Alikuwa analala miguuni pa mtoto tangu mtoto ana miaka miwili. Viza zilipotoka Agosti 2022 tulibakiwa na wiki sita za kusafiri, na hapo ndipo nilipoanza kuulizia habari za kumchukua. Nilikuwa nimeshachelewa. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo paka na mbwa wake wanaingia Umoja wa Ulaya kwa chanjo peke yake. Mnyama anatiwa chipu kwanza (kidude chenye namba ya utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi), halafu anachanjwa kichaa cha mbwa, zinapita siku 30, anatolewa damu, damu inakwenda maabara inayotambuliwa na Umoja wa Ulaya kupimwa kama kinga imefika 0.5 kwa kipimo chao, na hata ikifika unasubiri miezi mitatu kuanzia siku ile ya kutoa damu. Piga hesabu: ni miezi minne na ushei, kama hujapoteza hata siku moja. Sababu yake naielewa. Ujerumani kichaa cha mbwa kilishakwisha kwa wanyama wa nchi kavu, ikatangazwa hivyo 2008, wamebaki popo tu. Kwetu kila mtu anamfahamu mtu aliyeng'atwa akakimbizwa kuchomwa sindano.

Chausiku akabaki kwa bibi. Mwezi wa kwanza binti alikuwa akimwita kwa simu ya video, paka anainua kichwa, anazunguka nyuma ya simu kumtafuta. Mwezi wa tatu alimwita, paka akaendelea kujiramba. Mtoto akanirudishia simu bila kusema neno, akaenda kulala saa kumi na mbili jioni.

Wiki hiyohiyo tukanunua paka mwingine. Tulinunua kwa uchungu, na muuzaji alikuwa anajua kusoma watu wa namna yetu. Lilikuwa tangazo la mtandaoni, picha nzuri, kitoto cha rangi ya chai ya maziwa, "miezi miwili na nusu, chanjo zote tayari". Mahali pa kukutana pakabadilishwa mara mbili. Mwishoni tukakutana kwenye maegesho ya duka kubwa nje ya mji, giza la Desemba, kitoto kikatolewa kwenye boksi la ndizi nyuma ya gari. Tukalipa euro 250 taslimu. Kadi ya chanjo tungetumiwa kwa posta. Hatukuipata, na namba ile haikupokelewa tena.

Siku ya pili hakula. Siku ya tatu alikaa mbele ya bakuli la maji, kichwa kimeinamia maji, pua karibu inagusa, na hanywi. Kama una kitoto cha paka na ukakiona kimekaa hivyo, usingoje asubuhi. Ilikuwa Jumamosi usiku, tukamkimbiza kliniki ya dharura. Daktari alimfungua mdomo, akaangalia meno, akasema huyu hana hata wiki sita, alitakiwa awe kwa mama yake mpaka wiki ya kumi na mbili. Ugonjwa ulikuwa panleukopenia, virusi vya ukoo mmoja na parvo ya mbwa, vinavyoharibu utumbo na kumaliza chembe nyeupe za damu. Dawa ya kuviua haipo, anatundikiwa maji mkaomba Mungu. Alikufa Jumatatu alfajiri.

Bili ilikuwa euro 640. Ada za madaktari wa wanyama hapa zimepangwa kisheria, na zilikuwa zimepandishwa Novemba 22 mwaka uleule. Usiku na wikiendi kuna ada ya dharura ya euro 50 kwanza, kisha kila huduma inatozwa kuanzia mara mbili ya kiwango cha msingi hadi mara nne. Sikuilalamikia bili. Daktari yule alifanya kazi yake na alimfunika kitoto kwa taulo safi kabla ya kutuita.

Alituambia jambo moja lililobadilisha mipango yetu. Virusi vile vinaweza kukaa ndani ya nyumba hata mwaka, kwenye zulia, kwenye nyufa za sakafu, na sabuni ya kawaida haiviui. "Msilete kitoto kingine. Siku mkiwa tayari, chukueni paka mkubwa aliyemaliza chanjo zake."

Naendelea chini, posti imekuwa ndefu.

#2 Mtoa uzi

Basi tukangoja miezi kumi. Miezi hiyo ndiyo niliyojifunza mambo ambayo nilitakiwa kuyajua kabla.

La kwanza ni mkataba wa pango. Wetu ulikuwa na mstari uliosema wanyama ni marufuku, na mimi nilikuwa nimeusaini bila kuuelewa. Maana yake yule kitoto tulimwingiza kinyume cha mkataba. Jirani mmoja ndiye aliyenielekeza kwenye chama cha wapangaji. Pale nikaelezwa kwamba mahakama kuu ya shirikisho ilishaamua Machi 2013: mwenye nyumba hawezi kuweka marufuku ya jumla ya paka na mbwa kwenye mkataba wa aina ule. Anatakiwa aangalie kila ombi kwa hali yake, ukubwa wa nyumba, majirani, mnyama mwenyewe. Wanyama wadogo wa kwenye tundu, kama hamsta na ndege, hata ruhusa huombi. Lakini uamuzi ule haukupi haki ya kuleta mbwa kesho asubuhi. Unakupa haki ya kuomba na kujibiwa kwa sababu. Nikaandika barua ya ukurasa mmoja: paka mmoja, mkubwa, hatatoka nje, wavu kwenye baraza utafungwa bila kutoboa ukuta. Wiki tatu baadaye nikajibiwa kwa maandishi, ndiyo. Karatasi ile iko kwenye faili moja na pasipoti zetu.

La pili ni madirisha. Hili nalisema kwa herufi zote kwa sababu kwetu halipo na hakuna atakayekwambia. Madirisha ya hapa ukigeuza kitasa kiangalie juu, dirisha linaegemea ndani kwa upande wa juu na kuacha upenyo wenye umbo la V. Tunaliacha hivyo kutwa nzima kupitisha hewa. Paka anaona upenyo, anaruka, anateleza chini kwenye kona ya V, na kadiri anavyojitikisa ndivyo anavyozama. Tumbo linabanwa, damu haifiki miguu ya nyuma. Wanaokutwa wakiwa hai wengi wamepooza nyuma. Kuna vizuizi vya waya vya kuchomeka pembeni mwa dirisha, havizidi euro chache, havihitaji skrubu. Mume wangu aliweka kwenye madirisha yote matano kabla hatujakwenda kumtazama paka yeyote.

La tatu, maua. Yungiyungi (lily) ya kwenye chombo cha maua, yale anayokuja nayo mgeni, yanaua figo za paka. Hata chavua iliyomwangukia mgongoni akajiramba, au maji ya kwenye chombo hicho. Kwangu hayaingii tena.

Oktoba 2023 tukaenda Falkenberg, kwenye makao ya wanyama ya Berlin. Unapanda tramu ya M4 mpaka mwisho, halafu basi. Pale ni pakubwa kama kijiji, hekta 16 hivi, palifunguliwa 2001, na ni kati ya makao makubwa kabisa ya namna hiyo Ulaya. Binti yangu alidhani tunaenda dukani, tutachagua na kuondoka. Tulikalishwa, tukaulizwa. Unafanya zamu gani? Mkisafiri atabaki na nani? Mtoto amewahi kuishi na paka? Tuonyeshe picha za madirisha. Swali la mwisho ndilo lililonigusa: kwa nini mnataka paka sasa? Nikawaeleza yote, Chausiku na yule kitoto wa maegesho. Yule mama aliandika, akanyanyuka, akatupeleka kwa Minka.

Minka ni jike, wakati ule ana miaka tisa, kijivu mwenye mistari, sikio moja limekatika ncha. Bibi aliyekuwa naye alihamia nyumba ya kulelea wazee asikoruhusiwa paka. Watu wanapita pale wanatafuta vitoto, wazee wanabaki. Alikuwa na chanjo zote, chipu, na alishafungwa kizazi. Tulilipa ada ya euro mia moja na kidogo na kusaini mkataba unaosema hatutampa mtu mwingine bila kuwaarifu, na kwamba wanaweza kuja kuangalia anavyoishi. Jina hatukubadilisha. Alishapoteza nyumba, mwenyewe na kochi lake, jina lilikuwa ndilo alilobaki nalo.

Tukamfikisha nyumbani, akaingia nyuma ya mashine ya kufulia, akakaa huko siku tisa.

Siku tisa kweli. Usiku tulisikia akila na akichakura mchanga wake, mchana hayupo. Walishatuonya tusimvute. Binti yangu alikuwa akitoka shule analala kifudifudi kwenye vigae vya bafuni na kumsomea kitabu cha Kiswahili kwa sauti, kile cha darasa la pili tulichotoka nacho Tanga. Hakumwangalia, anasoma tu. Siku ya nne akaona ncha ya mkia. Siku ya sita macho.

Asubuhi ya siku ya kumi nilirudi kutoka zamu ya usiku, nikakaa jikoni kwenye kigoda kuchambua dagaa niliowanunua duka la Kiafrika kule Wedding, mtaa wa hapa Berlin. Unajua ile sauti ya kichwa cha dagaa kinapokatika, tik, tik, kwenye ungo. Nikahisi kitu kizito kimekalia mguu wangu. Sikuinama. Nikakatisha kichwa kimoja, nikakiweka sakafuni. Akakinusa, akakichukua kwa upole kama anakiomba, akarudi nacho nyuma ya mashine. Baada ya dakika akaja tena.

Nilikaa pale mpaka dagaa wote wakaisha, na kazini nilikuwa nimesimama saa kumi.

(Daktari wake amekubali dagaa wakavu wasiotiwa chumvi, mmoja mmoja, mara moja moja. Chakula chake cha kila siku ni cha kopo.)

Karibuni kwa maswali.

#3 Msomaji wa Morogoro

Dada pole kwa kitoto. Lakini niseme kilicho moyoni bila kukuvunjia heshima. Euro 640 ni zaidi ya milioni moja na nusu. Sisi huku kwenye magrupu ya ukoo tunachangishana elfu tano tano mtu akafanyiwe upasuaji. Ukisoma hivi inauma kidogo.

#4 Mtoa uzi

Kaka, haujanivunjia heshima. Nami niko kwenye grupu kama hilo na mchango wangu unafika kila mwezi, wakati mwingine kabla ya kodi ya nyumba. Nilichotaka kionekane ni kwamba mtu asichukue mnyama hapa kama hajaiona pesa hiyo mfukoni mwake, maana akishamchukua hana ruhusa ya kumwacha ateseke. Sheria ya ulinzi wa wanyama inambana, na moyo wake pia. Sisi sasa tunaweka euro 30 kila mwezi kwenye akaunti ya Minka. Kama mtu ameona hawezi, ajitolee kwenye makao ya wanyama. Kuna watu kazi yao Jumamosi ni kukaa na paka wanaoogopa watu, wanawasomea tu kama alivyofanya binti yangu.

#5 Mwanachama mpya (Leipzig)

Uzi wa maana sana. Mimi nataka mbwa. Nyumbani Moshi tulikuwa na watatu, walikuwa walinzi, wanalala nje, wanakula makombo ya ugali na mifupa. Huku nina chumba na sebule, nasoma chuo. Nisaidieni, na hii habari ya kodi ya mbwa ni kweli?

#6 Mfugaji mbwa, Hamburg

Kodi ni kweli. Inatozwa na mji, kwa hiyo inatofautiana. Mimi hapa nalipa 90 kwa mwaka, Berlin ni 120 kwa mbwa wa kwanza na 180 kwa kila anayefuata, kwa viwango nilivyovikuta wakati nauliza. Uliza ofisi ya mji wako. Paka hawana kodi.

Baada ya kodi kuna bima ya madhara. Mbwa akikatisha barabara mtu wa baiskeli akaanguka, unalipa wewe. Hamburg na Berlin ni lazima kisheria, na hata isipokuwa lazima ulipo, kata. Kuna chipu na kuandikisha. Usichukue mtoto wa mbwa chini ya wiki nane, sheria inakataza kumtenga na mama yake.

Ila mdogo wangu, la kulitafakari zaidi ni muda. Kanuni inasema mbwa apewe muda wa kutosha wa kutembea nje, na mtu awe naye mara kadhaa kwa siku. Hiyo ni nje kweli, mvua ikinyesha, Februari nyuzi kumi chini ya sifuri, wewe una mtihani. Mbwa wetu wa Moshi walikuwa wanajitembeza wenyewe, geti likifunguka wanapotea wanarudi. Huku wewe ndiye geti. Mimi ninaye kwa sababu nafanya kazi nyumbani na mke wangu anatoka kazini saa nane mchana. Nilipokuwa naishi peke yangu nilikuwa namtembeza mbwa wa mzee wa ghorofa ya chini, Jumanne na Jumamosi, miaka miwili. Mzee alipata msaada, mimi nikapata mbwa na Kijerumani changu kikanyooka. Nakushauri uanze hivyo.

#7 Mwanachama mpya (Leipzig)

Asante sana kaka. Hilo la kutembeza mbwa wa mtu sikuwahi kuliwaza. Kuna tangazo la namna hiyo ubaoni kwenye jengo letu, nitapiga simu.

#8 Mwanajamvi wa Pemba

Mtoa uzi, wewe wa Tanga, samahani kwa kuuliza: mngechukua mbwa? Na paka ndani ya nyumba ya sala hamna shaka?

#9 Mtoa uzi

Shekhe wangu, paka hatuna shaka. Imepokewa kwa Abu Qatada kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema paka si najisi, ni katika wanaowazungukia. Minka hulala ukingoni mwa msala wangu. Mbwa sisi hatukuchukua. Mate yake kwa madhehebu yetu ya Shafii yanataka kuosha mara saba, moja kwa udongo, na ndani ya vyumba viwili ningeishi kwa wasiwasi. Anayeona anaweza kumtunza ipasavyo simhukumu. Kwetu sababu iliyotosha mapema zaidi ilikuwa zamu zangu za usiku. Mbwa wa kukaa peke yake saa kumi ni mbwa anayelia saa kumi.

#10 Mwana wa Bukavu (Uswisi)

Jambo wote. Mimi natoka Bukavu, niko huku na watoto watatu. Kwetu Kivu simbilisi tunafuga kwa nyama, watoto ndio wanakwenda kukata majani yao. Basi huku mtoto wangu akaona simbilisi dukani, akaomba, mimi nikasema huyu namfahamu, hana kazi. Muuzaji akakataa kuniuzia mmoja! Kumbe sheria ya Uswisi tangu 2008 inasema wanyama wanaoishi kwa makundi, simbilisi wakiwemo na kasuku wadogo pia, wasifugwe peke yao. Tulinunua wawili. Na mimi niliyekua nao utotoni nikaona kitu sikuwahi kukiangalia: kweli wanaongea wao kwa wao, mmoja akisikia mfuko wa majani anapiga filimbi, mwingine anamjibu. Sijui kwa nini kule nyumbani sikuwa nasikia. Labda walikuwa wengi mno.

Shida yao ni mmoja akifa, anayebaki yuko peke yake, na ukimtafutia mwenzake mnyororo haukatiki. Kuna watu huku wanaazimisha simbilisi mzee kwa ajili hiyo, akae na mpweke mpaka mwisho wake. Ulizeni kabla ya kununua mwingine.

#11 Mwanajamvi wa Muscat

Kwa walio Oman na Ghuba kwa jumla. Kupata paka hapa ni rahisi, anakuja mwenyewe mlangoni Juni, jua likishika nyuzi 45 anatafuta kivuli na maji. Nina wawili wa namna hiyo. Tatizo ni siku mkataba wa kazi unapoisha. Nimeona watu wanaondoka ndani ya wiki mbili na paka anarudishwa uani baada ya miaka mitano ya kiyoyozi. Huyo hajui kutafuta, anakufa kabla ya wenzake wa mtaani.

Kama kazi yako ni ya mkataba, siku unapomchukua ndiyo siku ya kuanza karatasi zake. Kumrudisha Tanzania kunataka kibali cha kuingiza mnyama kutoka wizara ya mifugo, cheti cha afya cha daktari wa serikali huku unakotoka, na uthibitisho wa chanjo ya kichaa cha mbwa. Chipu na chanjo fanya mapema, kadi ihuishwe kila mwaka. Hata ukifukuzwa kesho, utakuwa na paka anayeweza kupanda ndege.

#12 Mwanajamvi wa Ontario

Kanada jimboni kwetu: kifungu cha 14 cha sheria ya upangaji kinasema sharti la "hakuna wanyama" kwenye mkataba halina nguvu. Lakini ukiwa kwenye kondo (jengo ambalo kila nyumba ndani yake ina mwenyewe), kanuni za umoja wa wenye vyumba zinaweza kukuzuia, na hizo ni halali. Mimi nilijua la kwanza, sikujua la pili, nikahama nyumba na mbwa wangu baada ya miezi minne. Someni kanuni za jengo.

#13 Mwanajamvi, Dar

Naja Ujerumani mwakani. Nina kasuku wa kijivu, anaongea, anaita jina langu. Naweza kuja naye?

#14 Mtoa uzi

Ndugu, huyo ni mgumu kuliko paka. Kasuku wa kijivu wa Afrika yuko kwenye daraja la juu kabisa la CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, tangu 2017, kwa sababu waliwindwa mno misituni. Unahitaji vibali vya pande zote mbili, na utaulizwa huyo ndege alipatikanaje. Kama alinunuliwa mtaani bila karatasi, usijaribu kumpitisha uwanja wa ndege, atanyang'anywa nawe utashitakiwa. Anza sasa kumtafutia mtu atakayekaa naye, na mzoeshe mtu huyo kabla hujaondoka. Sisi Chausiku tulimhamisha siku moja kabla ya safari. Bibi anasema alikaa juu ya paa la jiko siku tatu. Ningekuwa na nafasi ya kurudia ningempeleka mwezi mzima kabla, niwe naenda naye na kurudi naye, mpaka ajue pale napo ni kwake.

#15 Mfugaji mbwa, Hamburg

Mtoa uzi, ongezea habari ya Desemba 31. Wageni wengi hawajajiandaa.

#16 Mtoa uzi

Umenikumbusha. Usiku wa mwaka mpya hapa fataki zinapigwa mitaani kuanzia jioni mpaka alfajiri, sauti yake ni kama vita. Wanyama wengi hupotea usiku huo. Tunafunga madirisha yote, tunashusha mapazia, Minka anawekewa kitanda chake bafuni nyuma ya mashine ileile. Nawasha taarabu kwa sauti ya wastani, ili mlio wa nje usije peke yake. Na namba ya chipu hakikisheni imesajiliwa kwa jina na simu yenu ya sasa. Chipu isiyosajiliwa haimrudishi mnyama nyumbani.

#17 Mwanajamvi wa Arusha

Mkija Tanzania likizo mnamfanyaje? Mnakuja naye?

#18 Mtoa uzi

Hapana. Miaka kumi na kitu, safari ya ndege mbili, simtesi. Ila kwa anayetaka kuja na wake na kurudi naye: kipimo kile cha damu kifanywe kabla ya kutoka Ulaya, kiandikwe kwenye pasipoti yake ya mnyama, na chanjo isije ikapitwa na tarehe. Hapo mkirudi hamngoji miezi mitatu. Ukisahau kukifanya kabla, unarudi kwenye foleni ya mwanzo.

Sisi anabaki na jirani wa ghorofa ya pili, mama wa miaka sabini na kitu. Mwaka mzima tulikuwa tunasalimiana ngazini, basi. Minka alipoanza kukaa dirishani akawa anampungia mkono kutoka uani, halafu siku moja akagonga mlango na kifuko cha nyasi za paka kutoka kwenye bustani yake. Sasa ana ufunguo wetu, nasi tuna wake. Alipovunjika mkono mwaka jana ni mimi niliyemfunga bandeji kila jioni.

#19 Msomaji wa Morogoro

Na Chausiku je? Mtoto ameridhika?

#20 Mtoa uzi

Kaka, asante kwa kuuliza.

Tulikwenda Tanga Julai iliyopita. Binti alikaa barazani kwa bibi siku ya kwanza, hakumwita. Akatoa kitabu, akaanza kusoma kwa sauti kama alivyofanya kwa Minka. Chausiku amenenepa, ana kovu puani. Alipita mara mbili kama hatuoni. Mara ya tatu akalala kwenye kivuli cha kiti, mkia umegusa mguu wa mtoto, akasinzia. Hakumkumbuka, au alimkumbuka, sisi hatukuweza kujua. Tuliporudi Berlin binti hakulia.

Bibi tulimwonyesha picha za Minka. Aliuliza kitu kimoja tu, anakula nini. Nikamwambia chakula cha kopo, na dagaa mmoja siku ya Ijumaa. Akasema mmoja hamtoshi, na tulipofungasha akatutilia nusu kilo, tumpelekee.

Nusu kilo ile tuliiacha mezani kwake. Sikuwa na hakika kama samaki wa mzigoni wanaruhusiwa kuingia Ulaya, na sikutaka kumwambia hivyo bibi kwenye simu. Ijumaa nilinunua wengine Wedding, nikampiga picha Minka akila, nikamtumia.